Kompyuta Kuukuu na Barua Zilizofutwa

Katika nyumba nyingi za askari, kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha tumika huwekwa sebuleni karibu na redio, ikafunikwa kitambaa cha kufuma ili vumbi lisiingie. Kazi yake kubwa ni moja, nayo ni kupokea na kutunza barua pepe. Watoto wana simu zao, na simu hupotea, huvunjika na kuuzwa. Lakini barua zenye uzito, yaani za baba aliye kazini mbali, za shule, za benki na za ofisi ya pensheni, hukusanyika ndani ya kompyuta ile mwaka baada ya mwaka. Basi siku moja programu ya barua huanza kusuasua. Ikibonyezwa hukaa kimya. Mama huenda jikoni kubandika chai, akarudi na kukuta kioo bado ni cheupe. Neno linalosemwa siku hiyo ni lile lile katika kila nyumba: "Imezeeka."

Kuzeeka kwa mashine ni kweli, lakini si jibu. Mashine iliyokuwa ikifungua barua kwa nusu dakika miaka kumi iliyopita haikupungukiwa na nguvu kwa kiasi hicho. Kilichobadilika ni mzigo inaobebeshwa. Na sehemu kubwa ya mzigo huo, aghalabu, ni barua ambazo wenyewe wanaamini kwamba walikwisha zifuta zamani.

Na ichukuliwe kwa mfano familia ya afisa mteule mmoja wa jeshi la Uganda, yenye makao yake Jinja. Askari wa kwanza wa Uganda waliingia Somalia mwezi wa Machi 2007, katika jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika. Baba wa nyumba hii alikwenda miaka michache baadaye, akarudi, akaenda tena. Kutoka Mogadishu aliandika barua pepe kila alipopata nafasi, na mkewe alizisoma kwenye kompyuta ya nyumbani kwa programu iitwayo Thunderbird. Programu hiyo, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka tarehe 7 Desemba 2004, hutolewa bure, na sifa yake kwa watu wa mishahara midogo ni kwamba barua zikikwisha kuingia husomwa hata siku ambayo hakuna fedha ya intaneti. Kompyuta yenyewe ilikuwa na Windows 7, kumbukumbu ya gigabaiti 2, na diski ya aina ya zamani yenye kuzunguka. Kwa kuwa kisanduku chao katika seva kilikuwa kidogo na kilijaa upesi, mtu aliyewafungia programu aliiagiza ichukue kila barua na kuiondoa katika seva papo hapo. Jambo hilo lilisahauliwa mara moja, kama mambo ya namna hiyo yanavyosahauliwa.

Ilipofika hali ya kusubiri dakika 9 kabla ya kuona barua ya kwanza, mama aliipakia mashine kwenye bodaboda, yeye na binti yake aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari, wakaipeleka kwa fundi mjini. Fundi aliiwasha, akatazama saa ya ukutani, akatoa hukumu.

"Mama, hii tunafuta yote, tunapanga upya. Kesho jioni unaichukua, itakuwa kama mpya."

Binti akauliza barua za baba zitakwenda wapi.

"Barua ziko kwenye intaneti," akajibu fundi. "Zitarudi zenyewe."

Mama alikuwa amekwisha fungua mkoba ili atoe malipo ya awali. Akaufunga. Hakujua kompyuta, lakini alijua kwamba katika nyumba yake barua zilisomwa hata mtandao ulipokuwa haupo, na kwa hiyo hakuona namna gani ziwe mahali pengine. Wakaipakia tena mashine wakarudi nayo nyumbani. Nauli ya bodaboda ya siku hiyo ilikuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote ya mwezi ule.

Yafaa kusema kwamba fundi hakukusudia ubaya. Alisema jambo ambalo kwa watu wengi siku hizi ni kweli. Kuna taratibu mbili ambazo programu ya barua huweza kuzifuata. Ya kwanza huitwa POP, na maelezo yake yalitolewa mara ya kwanza mwaka 1984. Mfano wake ni mtu anayekwenda posta na ufunguo wa sanduku lake, akatoa barua zote, akaondoka nazo nyumbani. Sanduku hubaki tupu. Ya pili huitwa IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Hiyo huziacha barua katika seva, na kilicho nyumbani ni nakala tu. Mwenye kutumia IMAP akifutiwa kompyuta yake, barua zake huja tena. Mwenye kutumia POP kwa namna ilivyofungwa katika nyumba ile akifutiwa kompyuta, amefutiwa barua za maisha yake. Fundi hakuuliza ni utaratibu upi. Swali hilo moja, ambalo jibu lake hupatikana kwa kufungua ukurasa wa mipangilio ya akaunti na kusoma aina ya seva iliyoandikwa hapo, yapasa kuulizwa kabla ya mkono wa mtu yeyote kugusa mashine.

Sasa kuhusu sababu ya kusuasua. Thunderbird, kwa kawaida yake, haiweki kila barua katika faili lake peke yake. Barua zote za folda moja huandikwa ndani ya faili moja refu, moja chini ya nyingine, kwa desturi iliyotoka katika kompyuta za Unix za miaka ya 1970. Mtu aliyewahi kukaa zamu katika kituo cha polisi atalielewa jambo hili upesi kuliko mwingine, kwa sababu faili hilo ni kama kitabu cha matukio kilichoko mezani kituoni. Kila taarifa huandikwa chini ya ile iliyotangulia. Konstebo akikosea hachani ukurasa. Hupiga mstari, akatia sahihi yake pembeni, akaendelea. Maneno yaliyopigwa mstari yanabaki pale pale, na kitabu hunenepa.

Programu ya barua hufanya vivyo hivyo. Mama anapofuta barua, nakala yake huandikwa kwanza katika faili la folda ya taka, kisha ile barua ya asili hutiwa alama ndogo ya tarakimu kuonyesha kwamba imefutwa. Kiooni haionekani tena, lakini katika faili imo, nzima, kuanzia salamu mpaka picha ya mwisho. Kwa hiyo barua moja iliyofutwa hukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. Hata taka ikimwagwa, ile ya asili bado iko ndani ya faili la folda ya barua zinazoingia, mpaka hapo mwenyewe atakapoiamuru programu iliandike faili upya bila ya zile zenye alama. Amri hiyo kwenye programu imeandikwa Compact.

Na kwa hakika programu yenyewe huikumbusha nyumba. Kila mara mzigo wa barua zilizofutwa unapozidi kiasi fulani, swali hutokea kiooni, kwa Kiingereza, likiomba ruhusa. Katika nyumba ile ya Jinja swali hilo lilikuwa limeulizwa kwa miaka mingi, na kila aliyelikuta alibonyeza kukataa, kwa kuogopa kwamba akikubali barua zitapotea. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Mtu asiyeelewa anachoombwa hufanya vyema kukataa. Lakini matokeo ya kukataa huko yalikuwa faili moja la gigabaiti 4.3.

Kando ya kila faili kubwa kuna faili dogo ambalo jina lake huishia kwa herufi msf, nalo ni faharasa: linaeleza ni barua gani iko wapi. Faharasa ikiwa nzima, programu husoma hiyo tu, na ukubwa wa kitabu hauleti taabu kubwa. Lakini umeme ukikatika ghafla, jambo lisilo geni kwa mkaaji wa mji wowote, faharasa huweza kuachwa nusu. Hapo programu, ikiwashwa, hukosa kuiamini na hulazimika kulisoma faili kubwa lote tangu mwanzo, zilizo hai na zilizofutwa, ili kutengeneza faharasa nyingine. Kama kompyuta ina programu ya kinga ya virusi, nayo huona faili limeguswa na kutaka kulikagua lote. Programu mbili zinagombea diski moja yenye kuzunguka, ambayo sindano yake haiwezi kuwa mahali pawili. Hapo ndipo dakika 9 zinapotoka. Anayetaka kuhakikisha hubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na katika ukurasa wa Performance hufungua Resource Monitor, ambamo hutazama diski inatumiwa na nani. Akikuta Thunderbird na kinga ya virusi wako juu wawili hao, amekwisha pata watuhumiwa wake.

Picha nazo huongeza mzigo kuliko watu wanavyodhani. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi, hivyo picha kabla ya kusafiri hugeuzwa kuwa herufi, na kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Picha ya megabaiti 3 hukaa katika faili la barua kwa zaidi ya megabaiti 4. Filamu moja fupi ya harusi ya mpwa hupita kwa uzito barua zote alizoandika baba kwa mwaka.

Aliyeisaidia familia ile alikuwa jirani yao katika kambi, koplo wa kitengo cha mawasiliano, aliyewahi kuwa chini ya baba wa nyumba. Alikuja jioni na flashi ya gigabaiti 16 mfukoni, akaketi, akanywa chai, na sharti lake lilikuwa moja.

"Mama, kwanza nakala. Bila nakala mimi sigusi kitu katika mashine ya afande."

Hii ndiyo kazi ya kwanza, nayo haina badala. Kusuasua kwa kompyuta kuukuu mara nyingine huwa ni dalili kwamba diski yenyewe inakufa, hasa ikisikika ikigonga ta-ta-ta ndani ya sanduku, na diski inayokufa ikifanyishwa kazi nzito kabla ya nakala kuchukuliwa huweza kukata roho mikononi mwa mtengenezaji. Mahali barua zilipo hupatikana hivi: katika programu, orodha ya Help ina mstari wa Troubleshooting Information, humo, mbele ya maneno Profile Folder, kuna kitufe cha kufungulia. Folda ikionekana, programu ya barua hufungwa kabisa, ndipo folda yote hunakiliwa, si faili moja moja. Zile za POP zimo ndani ya folda iitwayo Mail, na za IMAP katika ImapMail.

Koplo alinakili, na flashi ikakataa katikati ya kazi, ikidai kwamba faili ni kubwa mno, ilhali flashi ilikuwa tupu. Hapo wengi huamini kwamba flashi ni mbovu na kwenda kununua nyingine ambayo nayo itakataa. Sababu ni kwamba flashi nyingi hupangwa kwa mtindo uitwao FAT32, ambao hauwezi kupokea faili moja linalofika gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa imebaki tele. Flashi ikipangwa upya kwa mtindo wa exFAT, tatizo huisha. Ila kupanga upya hufuta vyote vilivyomo, kwa hiyo vya zamani huhamishwa kwanza. Ilikuwa saa tatu na nusu usiku nakala ilipokamilika.

Ndipo koplo alipouliza swali ambalo kwa mtu asiyejua lingeonekana la ajabu.

"Mama, kabla sijaiamuru programu itupe zilizofutwa, je, kuna barua yoyote mnayoijutia? Nikikwisha bonyeza hapa, haitarudi tena."

Mama alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba ipo moja. Mumewe alikuwa amenunua kiwanja alipokuwa likizoni. Mkataba wa mauziano uliandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi watatu, na ndugu yake aliupiga picha na kuutuma kwa barua pepe ili nakala iwepo nyumbani. Karatasi yenyewe ilikuwa imeliwa na mchwa ndani ya kabati. Barua ile ilifutwa na mtoto mdogo aliyekuwa akichezea vitufe, na taka ilikwisha mwagwa. Shahidi mmoja alikuwa amefariki, na watoto wa muuzaji walikuwa wameanza kupita kwenye kiwanja wakipima kwa hatua. Mama hakuwa amemwambia mumewe habari ya mchwa wala ya mtoto. Alikuwa akingoja, bila kujua anangoja nini.

Hapa uzembe wa miaka mingi uligeuka kuwa bahati. Kwa kuwa nyumba ilikuwa ikilikataa swali la programu kila mara, barua iliyofutwa ilikuwa bado imo katika kitabu, imepigwa mstari tu. Koplo hakuligusa faili la asili. Alichukua nakala, akaifungua kwa programu ya kusomea maandishi yenye uwezo wa mafaili makubwa, kwa maana ile ya kawaida ya Windows hushindwa na ukubwa huo, akatafuta neno "kiwanja". Picha huwa zimegeuzwa kuwa herufi zisizosomeka, lakini kichwa cha barua kama hii, jina la mtumaji na tarehe husomeka. Lilitokea mara nyingi, kwa sababu familia iliandikiana sana juu ya kiwanja kile. Mara ya kumi na moja ilikuwa yenyewe. Juu yake kulikuwa na mstari unaoanza kwa maneno X-Mozilla-Status, na mbele yake 0009. Tarakimu hiyo ni jumla ya alama mbili: 1 maana yake barua imesomwa, na 8 maana yake imefutwa.

Koplo alinakili maandishi yote ya barua ile, kuanzia mstari wa From ulio juu yake mpaka kabla ya From inayofuata, akayaweka katika faili dogo lisilo na herufi za mwisho katika jina lake, akabadilisha 0009 kuwa 0001. Faili hilo akalitia katika folda ya Local Folders iliyomo ndani ya Mail, akaiwasha programu. Folda mpya ikatokea upande wa kushoto wa kioo, na ndani yake barua moja. Picha ikafunguka polepole kutoka juu kwenda chini: vipimo, bei, sahihi ya muuzaji, na alama za vidole vya mashahidi. Binti alitumwa kesho yake asubuhi kwenda kuichapa nakala tatu. Picha ya mkataba si mkataba wenyewe, na kama ingetosha mbele ya hakimu ni jambo la mwanasheria. Lakini kuwa nayo na kutokuwa nayo ni mbali sana.

Kazi ya kuliandika faili upya ilifanywa Jumapili. Programu huandika kwanza faili jipya lenye barua zilizo hai, na baada ya hapo ndipo huondoa la zamani, kwa hiyo diski huhitaji nafasi ya ziada. Kwa usalama, nafasi hiyo isipungue ukubwa wa folda yenyewe. Filamu za watoto ziliondolewa ili nafasi ipatikane. Hali kadhalika umeme haufai kukatika katikati ya kazi. Kompyuta ya kupakata ina betri yake, lakini ya mezani haina, na koplo aliazima betri ya akiba ya kompyuta kutoka kwa rafiki. Baada ya hapo alibofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Compact. Faili la gigabaiti 4.3 likawa gigabaiti 1.2. Kisha, katika sifa za folda hiyo hiyo, akabonyeza Repair Folder ili faharasa itengenezwe upya. Programu iliyokuwa ikichukua dakika 9 ikafunguka kabla ya dakika moja kwisha.

Mengine yaliyobaki ni madogo, ingawa kila moja lina faida yake. Folda ya barua zinazoingia haifai kuwa ghala. Barua iliyokwisha shughulikiwa ikichaguliwa na herufi A ikabonyezwa, programu huihamishia katika folda ya mwaka wake, na faili kubwa moja hugawanyika kuwa madogo. Katika mipangilio kuna alama ya utafutaji wa jumla, yaani Global Search, ambayo huifanya programu iorodheshe maneno ya barua zote. Katika kompyuta yenye gigabaiti 2 ni afadhali iondolewe. Vikorombwezo vilivyoongezwa na vijana huweza kujaribiwa kwa kushikilia kitufe cha Shift programu inapowashwa, nayo itauliza kama ifunguke bila hivyo. Kinga ya virusi iambiwe isiikague folda ya barua kila dakika, wala isijaribu kuzisafisha yenyewe, kwa sababu ikikuta kirusi katika barua moja huweza kulifungia faili zima, na barua zote zikatoweka kwa kosa la moja. Tahadhari hapo ni kwamba viambatisho kutoka kwa watu wasiojulikana visifunguliwe. Kama fedha ipo, diski ya kisasa isiyozunguka na kumbukumbu ya kuongezea huleta tofauti kubwa, lakini fedha hiyo haina sababu ya kutumika kabla ya kazi ya bure kufanywa.

Upo upande mwingine wa jambo hili unaowahusu askari kuliko raia wa kawaida. Kile kilichomrudishia mama mkataba wake ndicho kinachoweza kumpa mgeni siri za nyumba. Kompyuta kuukuu huuzwa, hupewa shemeji, huachwa kwa fundi wiki mbili. Mwenyewe amefuta barua zake zote na ana moyo mtulivu, kumbe zote zimo, na anayejua kutafuta neno moja katika faili atazisoma: anwani ya nyumba, majina ya watoto na shule zao, siku baba atakayorudi, mahali kikosi kilipo. Mambo ya kazi ya jeshi na polisi hayakustahili kuandikwa katika barua za nyumbani tangu mwanzo, lakini barua za mume na mke zina habari ambazo wenyewe hawazioni kuwa habari. Kabla ya kuuza, kuliandika faili upya hakutoshi, kwa maana hata faili la zamani likiondolewa, maandishi yake hubaki katika diski mpaka mengine yaandikwe juu yake. Diski yenye kuzunguka huandikwa juu yote kwa programu ya kazi hiyo, au hutolewa katika mashine na kubaki nyumbani. Wanunuzi wengi wa mashine kuukuu hawasumbuliwi na kununua isiyo na diski, ikipunguzwa bei kidogo.

Kompyuta ile ya Jinja bado inafanya kazi, lakini siku zake zinahesabika kwa sababu nyingine. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 7 marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Thunderbird 115, iliyotoka mwaka 2023, ndiyo ya mwisho kukubali kufungwa katika Windows 7. Familia imeanza kuweka akiba ya mashine nyingine. Itakapopatikana, folda ile ile iliyonakiliwa na koplo itahamishiwa humo, na barua za Mogadishu zitaendelea kusomwa kama zilivyo. Akaunti nayo imefunguliwa upya kwa utaratibu wa IMAP, katika kisanduku kikubwa zaidi, ili barua mpya zibaki pia katika seva.

Baba alipopiga simu mwisho wa juma, koplo alipewa simu azungumze naye. "Afande, barua zote zipo," alisema, "pamoja na ile ya kiwanja." Baba akauliza ile ya kiwanja ilikuwa imekwenda wapi. Koplo akamrudishia mama simu.